Mboga za Chini ya Nailoni

Msomaji uliyechelewa, sogea karibu. Anyes tunayemsema hapa ndiye yule mjane wa Makwale aliyeondolewa kwenye shamba la kakao kabla udongo wa kaburi la mumewe haujakauka. Ndugu wa marehemu walikaa kikao, wakasema shamba ni la ukoo, na mwanamke alikuja na kanga zake basi aondoke nazo. Akabaki na mtoto mmoja, Asifiwe, binti wa darasa la kwanza. Hata huyo, mama mkwe wake, bibi Marta, alikuwa hachoki kusema kwamba damu ni ya ukoo na ipo siku itarudi kwa wenyewe.

Aliyemwokoa, au hivyo ndivyo Anyes alivyoamini, ni Kenani.

Kenani alikuwa mdogo wa marehemu. Biashara zilipoachiwa huru, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuvuka mto Songwe, mpaka wa nchi, na baiskeli tupu na kurudi nayo imelemewa: sabuni, betri, vitenge, mitumba. Baiskeli ikazaa gari. Gari likamzalia wazo ambalo kijiji chake cha Ndandalo kilikuwa hakijapata kuliona.

Alisimamisha nguzo, akapinda fito za mianzi juu yake, akazifunika kwa nailoni kutoka ng'ambo, juu mpaka chini. Ndani akapanda nyanya na chainizi. Watu walimcheka. Wakasema tajiri amechanganyikiwa, anajengea mboga nyumba wakati binadamu wanavujiwa.

Mvua zikaja, zile za Kyela zisizojua Jumapili wala siku ya kazi. Nyanya za watu zikaozea shambani. Za Kenani zikaiva kavu, nyekundu, hazina doa. Kicheko kikaisha.

Humo ndimo alimomwekea Anyes kazi. Alimpa na kibanda cha kulala pembeni mwa shamba, yeye na mwanawe. Kazi ilikuwa kupalilia, kufunga mashina ya nyanya kwenye kamba, kuchuma na kuchota maji ya bomba la kupulizia dawa. Dawa yenyewe Kenani aliichanganya kwa mkono wake, na hakuna mwingine aliyegusa.

Na wema haukuishia hapo. Mara kwa mara, mchana, mke wa Kenani aitwaye Lucy, mama wa Ezra, alimfungia Anyes fungu la chainizi, akamwambia ni za tuta la nje, lile la matumizi ya nyumbani, akampikie mtoto. Asubuhi yake Kenani alipita kibandani kabla hajanywa hata chai.

“Mugonile, shemeji,” alisalimu, kama Wanyakyusa wanavyoulizana wamelalaje. “Na mtoto? Amelala vizuri? Tumbo halijamsumbua?”

Anyes alijibu kwamba mtoto ni mzima. Akaongeza, “Ndaga fijo,” na shukrani hiyo ilimtoka moyoni. Tangu mumewe azikwe hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kuuliza habari za tumbo la Asifiwe. Usiku, katika sala zake, jina la Kenani lilitajwa kabla ya jina lake mwenyewe.

Basi vidukari, wadudu wafyonzao majani, wakaingia. Walijaa chini ya majani ya chainizi, majani yakajikunja na kunata. Kenani akapiga dawa, wakapungua, wakarudi. Akapiga tena.

Siku hizo ndipo alipopita bwana shamba, kijana mmoja aitwaye Yohana. Aliingia chini ya nailoni, akavuta pumzi, akatoka haraka. Akauliza dawa imepigwa lini. Kenani akasema ana haja gani ya kuhesabu, zaidi ya wiki imeshapita, na shamba la jirani yake huchumwa kwa muda huohuo na hakuna aliyekufa.

Yohana alimsogeza pembeni, lakini sauti yake Anyes aliisikia, maana alikuwa amesimama palepale na ndoo mbili za maji.

“Shamba la jirani liko wazi,” Yohana alisema. “Dawa ikipigwa nje, jua linaivunjavunja, mvua inaiosha, upepo unaibeba. Humu umelizuia jua, umezuia mvua, na upepo haupiti. Umezilinda mboga, na sumu nayo umeilinda. Itakaa kwenye majani haya muda ambao wewe huufikirii. Usichume mpaka nirudi kutoka Mbeya.”

Kenani alikubali. Alimshika Yohana mkono kwa mikono miwili, akamfungia na nyanya zilizochumwa kabla ya dawa hiyo. Yohana akazikataa kwa adabu na kwenda zake.

Hakufika mbali. Alikuwa bado hajapotea kwenye migomba, Kenani akamwambia Anyes kwamba serikali ikishakupa baiskeli na suruali unadhani unajua kila kitu. Tajiri mmoja wa Karonga, ng'ambo, mnunuzi wa mboga zake, alikuwa analeta lori mwisho wa wiki, naye hakuja kuchukua majani yaliyojikunja. Kenani akaingia na bomba mgongoni, akapiga dawa mara nyingine, nzito kuliko zote.

Siku mbili hivi zikapita. Mchana Anyes alipokuwa ananawa mikono ili aende kumpikia mwanawe aliyetoka shule, Lucy akaja na fungu. Safari hii hakusema ni za wapi. Alilitupa kwenye beseni la Anyes, akageuka.

“Ni za nje, mama Ezra?” Anyes aliuliza.

“Ni zilezile za siku zote,” Lucy alijibu, na hakugeuza uso.

Anyes akazipika kwa karanga. Mwenyewe alikula usipa, dagaa wa ziwani, waliobaki jana, kwa sababu mboga ilikuwa kidogo na Asifiwe aliipenda. Mtoto alikomba sufuria kwa kidole.

Hata vyombo havijakauka, Asifiwe alisema mdomo umejaa maji. Anyes akamwambia ateme. Akatema, mate yakaendelea kuja, yakamchuruzika kifuani. Jasho likamtoka kama mtu aliyetumbukia mtoni. Akatapika mboga yote, na baada ya mboga akatapika maji ya kijani. Anyes alipomwinua uso aone, aliona mboni za macho zimesinyaa, zimekuwa kama ncha ya sindano, na misuli ya mashavu inachezacheza yenyewe.

Kenani akatokea mlangoni. Anyes hakujiuliza amesikiaje, alichoona ni mwokozi wake. Akamwomba gari.

Kenani alimtazama mtoto muda mrefu, kama mtu anayetazama mzani. Akasema gari halina mafuta. Akaondoka kwa mwendo wa kukimbia.

Anyes alimbeba mwanawe mpaka barabarani, akapata baiskeli ya kukodi, akakaa nyuma na mtoto mapajani. Walipokaribia mjini, gari likawapita na kuwarushia tope. Lilikuwa la Kenani, na Kenani mwenyewe yuko kwenye usukani. Moyo wa Anyes ukaruka kwa furaha. Amepata mafuta, alijiambia, anatutangulia kumwita daktari.

Kenani hakwenda hospitali. Alikwenda mtaa wa Bondeni, kwenye nyumba ya wageni alikofikia tajiri wa Karonga, kumwambia kwamba mboga bado kidogo, lori lisubiri. Hayo Anyes aliyajua baadaye, pamoja na mengine.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alifungua macho ya mtoto, akamnusa mdomo, akaomba sindano kabla hajamuuliza mama jina. Sindano ilipoingia, mate yakapungua. Ndipo akamgeukia Anyes, akataka kujua mtoto amekula nini, na mboga ilipigwa dawa gani.

Anyes alisema mboga ni za tuta la nje, hazijapigwa dawa.

“Zimepigwa,” daktari alisema. “Mama, nisikilize. Sindano hii inanisaidia kumshikilia tu. Kuna nyingine, lakini sumu hizi ziko za namna mbili. Kwa moja, sindano ile ya pili itamnyanyua. Kwa nyingine inaweza kummaliza. Niletee jina la dawa.”

Anyes akamwacha Asifiwe mikononi mwa muuguzi, akarudi Ndandalo kwa baiskeli ileile jua likiwa bado halijazama.

Alimkuta Lucy jikoni, ameinama juu ya ungo, anachambua chainizi. Anyes alisimama mlangoni, akatazama zile mboga, kisha akatazama uani. Tuta la nje lilikuwa limetoka kuchumwa sasa hivi, mashina bado yanatoa maji.

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliuliza kama hizo ndizo wanazokula wao.

Lucy aliweka ungo chini. “Sisi za ndani hatuli,” alisema. “Hatujawahi kula hata siku moja.”

“Na zangu?”

“Zako zilikuwa za ndani tangu mwanzo.” Lucy alikuwa anasema na mikono yake, siyo na Anyes. “Yeye alitaka kujua kama sumu imeshaisha kwenye majani. Hakuna kipimo. Akasema, ‘Mpe shemeji. Mtoto wa kaka akiamka salama, mzigo unaondoka.’ Na kila mara aliamka salama, Anyes. Nikajizoesha.”

Anyes akakaa kwenye kizingiti. Zile asubuhi zote zikampitia mbele ya macho: shemeji na tabasamu lake, shemeji na maswali ya tumbo. Aliyekuwa anaulizwa habari zake si mtoto. Ni mboga.

Akamwomba Lucy jina la dawa. Lucy akasema hajui kusoma, na hata angejua, chupa Kenani ameondoka nayo garini. Anyes akamwomba basi aje hospitali, amwambie daktari na yeyote atakayeuliza hayo aliyoyasema. Lucy akaokota ungo wake. Alisema ana watoto watano na hana kwao pa kurudi.

Asubuhi ilimkuta Anyes kwenye baraza ya hospitali. Asifiwe alikuwa hai. Alipumua kama anayepanda mlima, na daktari alikuwa ameuliza jina la dawa mara mbili tangu kupambazuke.

Gari la Kenani likaingia. Halikuwa na mtu mmoja. Alishuka mzee Abrahamu, balozi wa nyumba kumi, na mgambo mmoja mwenye rungu. Akashuka bibi Marta, kitenge chake kipya, uso wake umefungwa kama mlango. Wa mwisho akashuka Lucy. Lori la tajiri wa Karonga nalo lilikuwa limeegeshwa nje ya lango, tajiri mwenyewe ameegemea bodi, anasubiri kusikia kinachosemwa.

Kenani alimwita Anyes kando, karibu na kamba za kuanikia mashuka. Alizungumza kwa upole, kama siku zote.

Alisema habari zimesambaa kwamba mtoto amekula mboga ya nailoni. Tajiri yule akiamini kwamba mboga za Kenani zinaua, haji tena, na hakuna mwingine atakayekuja. Lakini kama watu watajua kwamba mboga zilikuwa hazijafikia muda wake, bwana shamba amekataza, na mtu mwenye tamaa akaingia kuchuma bila ruhusa, hapo kosa si la mboga.

“Sema uliiba,” alisema Kenani. “Sema mbele ya mzee Abrahamu, yataishia kwa wazee, utatozwa kuku tu. Ukimaliza kusema, nakwenda kwa daktari namtajia dawa. Jina ninalo.”

“Mtaje sasa,” Anyes alisema. “Nitasema chochote unachotaka. Kwanza mtaje.”

“Wewe kwanza.”

Anyes alitazama dirisha la wodi. Alifikiri habari ya Lucy, akamwona amesimama nyuma ya gari, anachimba ardhi kwa kidole cha mguu. Alifikiri habari ya Yohana, aliye Mbeya. Ukweli wake wote ulikuwa mbali au umeufyata. Na ukweli hata ukichelewa mwaka mzima hautakosa pumzi. Mtoto yule kule ndani alikuwa ameanza kuikosa.

Akaenda mbele ya mzee Abrahamu, akapiga magoti kwenye saruji.

Alisema aliingia mwenyewe chini ya nailoni wakati wenye nyumba hawapo. Alisema alichuma, akapika, akamlisha mwanawe. Aliyasema kwa sauti, maana Kenani alimwonyesha kwa kidevu kwamba tajiri wa lori asikie.

Mzee Abrahamu alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya alichoelezwa. Akauliza kama bwana shamba alikataza mboga zile zisichumwe.

“Alikataza.”

“Wewe ulisikia?”

Anyes alikumbuka ndoo mbili mikononi mwake na sauti ya Yohana. Hili nalo lilikuwa na jibu la kweli.

“Nilisikia,” alisema.

Watu waliokuwa wamekusanyika kuchungulia, wauguzi na wagonjwa na wauza vitumbua, wakanung'unika. Bibi Marta hakunung'unika. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akingojea neno hilo tangu msibani.

Anyes akainuka. Hakumtazama balozi, wala mgambo, wala mama mkwe. Alimtazama Kenani.

“Shemeji, twende kwa daktari.”

Daktari alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, amesikia yote, na uso wake hauonyeshi kitu. Alimuuliza Kenani dawa inaitwaje. Kenani akakohoa. Akasema ni dawa ya maji, rangi yake kama ya chai ya maziwa, harufu yake kali.

“Jina,” daktari alisema.

Kenani akainamisha kichwa. “Sikulijua,” alisema. “Nilipimiwa ng'ambo, kwenye chupa ya soda. Haikuwa na karatasi. Waliniambia ni ile ya pamba.”

“Dawa za pamba ni nyingi.”

“Basi ni mojawapo ya hizo.”

Daktari akarudi ndani.

Anyes hakumrukia. Wengi waliokuwapo walisema baadaye kwamba walitegemea amrukie, na kwa kuwa hakufanya hivyo waliona ni dalili ya hatia. Alisimama tu, akihisi kitu kinaondoka kifuani mwake, kitu ambacho shamba la kakao na kaburi la mume havikuwa vimeweza kukiondoa. Alikuwa ametoa jina lake zuri, kitu pekee alichobakiwa nacho, kwa kubadilishana na jina ambalo halikuwepo.

Nje ya lango lori lilikuwa limewashwa. Tajiri wa Karonga alikuwa ameridhika, alitaka kujua tu mzigo utakuwa tayari lini. Kenani akaenda kuzungumza naye, na alipompita Anyes akampisha kwa heshima, kama anavyopishwa shemeji.

Mzee Abrahamu alikuwa akinong'ona na mgambo. Kisha akageuka na kutamka, kwa huzuni ya kweli, kwamba jambo la kuku na kuombana radhi lingefaa kama ni wizi mtupu. Lakini mtu mzima aliyesikia onyo la sumu kwa masikio yake, akachuma, akamlisha mtoto, hilo si la wazee tena. Hilo ni la polisi.

“Mzee,” Anyes alisema, “ngoja nimwone kwanza. Nimwone tu, nitakuja mwenyewe.”

Mgambo alishamshika mkono wa juu, pale penye nyama.

Lucy alifungua mdomo. Anyes aliuona ukifunguka. Mwanamke yule alivuta hewa, akapiga hatua moja kutoka nyuma ya gari, na kwa kitambo kifupi watu wawili watatu wakamgeukia. Kenani naye akageuka, huko alikokuwa, mkono bado uko kwenye bodi ya lori. Akamkazia macho. Lucy akafunga mdomo, akarudisha mguu.

Wakaanza kumtembeza Anyes kuelekea langoni.

Hawakuwa wamefika kwenye gari pale mlango wa wodi uliposukumwa kwa nguvu. Muuguzi akatoka, yule aliyekesha na mtoto, kofia imemkaa upande, na sauti yake haikuwa ile ya jana.

“Mama yake Asifiwe yuko wapi? Daktari anamtaka ndani. Upesi.”

Anyes aligeuka kwa nguvu hata mgambo akayumba. Alitaka kujibu. Kiganja kikubwa chenye harufu ya tumbaku kikamziba kinywa, na jibu lake likaishia kwenye ngozi ya mtu asiyemjua.

Muuguzi alirudia swali.

Bibi Marta akainuka kutoka kwenye benchi. Alikung'uta kitenge chake, akakifunga vizuri kiunoni, akatembea hadi mlangoni bila haraka.

“Ni mimi,” alisema.

Muuguzi alimtazama yule bibi, akamtazama mwanamke aliyekuwa akiburutwa kule langoni. Ndani mtu akamwita muuguzi kwa jina. Akampisha aliyekuwa karibu, na mlango ukafungwa.